Karen Blixen: Mlowezi wa Ngong aliyeandika kuhusu uchu unaoua

MNAMO Septemba 7, 1962, mwanamke mkongwe alifariki dunia katika nyumba ya Rungstedlund, kwenye pwani iliyo kaskazini mwa jiji la Copenhagen, nchini Denmark. Alikuwa na umri wa miaka 77, na nyumba aliyofia ndiyo hiyo aliyozaliwa. Alizikwa chini ya mti mkubwa katika ardhi ya wazazi wake, mbali sana na vilima vya Ngong ambako aliwahi kudhani kuwa ndiko angezikwa.

Wakenya wengi wanamjua Karen Blixen kama mlowezi wa kahawa, mwenye nyumba ambayo sasa ni makavazi katika mtaa wa Karen jijini Nairobi, na mhusika mkuu wa filamu ya Out of Africa ya mwaka wa 1985. Wachache wanajua kwamba jina lake lilivuma kwanza kwa hadithi fupi za kutisha, ambazo ndani yake watu wenye heshima zao huangamiza wenzao kwa sababu ya jambo moja lililowashika na kukataa kuwaachilia.

Wachache zaidi wamewahi kujiuliza elimu hiyo ya uchu aliipata wapi. Jibu limo katika maisha yake mwenyewe, na sehemu kubwa ya maisha hayo ilipita katika ardhi ya Kenya.

Hadithi za aina hiyo huitwa za kigothi. Zilianza Uingereza katika karne ya 18, zikajaa majumba ya kale, siri za ukoo, mizimu, na vifo vya kutatanisha. Mmarekani Edgar Allan Poe alizipeleka hatua nyingine mbele katika karne ya 19. Katika hadithi yake The Tell-Tale Heart ya mwaka wa 1843, msimulizi anamuua mzee asiyemkosea lolote na asiyemtamania mali, kwa sababu tu jicho la mzee huyo limemkaa akilini mpaka halali usingizi.

Msomaji wa Kiswahili aliyezoea riwaya za Muhammed Said Abdulla, yule wa Mzimu wa Watu wa Kale na mpelelezi wake Bwana Msa, huuliza ni nani aliyeua. Hadithi ya kigothi haina haja kubwa na swali hilo. Muuaji hujulikana mapema, na mara nyingi husimulia mwenyewe. Kinachotafutwa ni kile kilichomwingia moyoni, kikakua kama kwekwe shambani, hadi hapakubaki nafasi ya kitu kingine.

Blixen alikijua kitu hicho tangu utotoni. Alizaliwa Aprili 17, 1885, akapewa jina Karen Christentze Dinesen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi, mwandishi, mwindaji na mbunge, ambaye katika ujana wake aliwahi kuishi Marekani karibu na Wahindi Wekundu. Mama yake, Ingeborg Westenholz, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara matajiri, wacha Mungu na wenye kufuata taratibu.

Karen alikuwa kipenzi cha baba yake. Mzee huyo alikuwa akimchukua katika matembezi marefu msituni na kumsimulia habari za vita na safari. Machi 1895, binti huyo akikaribia kutimiza miaka 10, baba alijinyonga. Tangu hapo alibaki na imani kwamba yeye ndiye mrithi wa roho ya baba, na kwamba nyumba ya mama, pamoja na usafi na utulivu wake wote, ilikuwa kizuizi alichopaswa kukitoroka.

Alisomea uchoraji katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen. Kuanzia mwaka wa 1907 alichapisha hadithi chache magazetini kwa jina la bandia la Osceola, ambalo ni jina la kiongozi mmoja wa Wahindi Wekundu. Hadithi hizo hazikuvuma, naye akaacha kuandika kwa muda.

Wakati huo alikuwa amempenda jamaa yake wa mbali kutoka Sweden, Hans von Blixen-Finecke, mpanda farasi hodari. Hans hakumpenda. Baada ya miaka ya kusononeka, Desemba 1912 Karen alikubali kuchumbiwa na Bror, pacha wa Hans. Aliyemkosa kwa sura moja alimpata kwa sura iliyofanana nayo, jambo ambalo lingefaa kabisa kuwa mwanzo wa mojawapo ya hadithi zake.

Bror na Karen waliamua kuja Afrika Mashariki ya Uingereza, kama Kenya ilivyoitwa wakati huo. Karen alitia nanga Mombasa Januari 1914, na tarehe 14 ya mwezi huo wakafunga ndoa papo hapo mjini. Kwa ndoa hiyo alipata cheo cha baroni, na kwa fedha za jamaa zake kukapatikana shamba. Miaka mitatu baadaye waliingia katika nyumba ya mawe iliyoitwa Mbogani, chini ya vilima vya Ngong.

Shamba lilikuwa la ekari zipatazo 6,000, na kati ya hizo kama ekari 600 zilipandwa kahawa. Sehemu nyingine ilikuwa msitu na malisho, na sehemu ilikaliwa na Wakikuyu walioitwa maskwota. Hao walipewa ruhusa ya kulima vipande vyao na kufuga ng'ombe wao, kwa sharti kwamba wamfanyie kazi mwenye shamba kwa siku kadhaa kila mwaka. Wengi wao walikuwa wakiishi katika ardhi ambayo wazee wao waliilima kabla ya Mzungu yeyote kuiona.

Kosa la kwanza la shamba hilo lilikuwa mahali penyewe. Lilikuwa juu mno, zaidi ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, penye upepo, baridi na mvua isiyotegemeka. Wakulima wa Kiirua, katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya huko Meru, hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Wanajua kwamba ardhi ya juu yenye baridi hutoa viazi vizuri, nao mbuni huupendelea mteremko wa chini wenye joto kidogo. Mkulima mwenye busara husikiliza ardhi inataka nini.

Blixen hakuisikiliza. Miaka ilipita, mavuno yakawa haba, naye akazidi kuwaandikia jamaa zake akiomba fedha zaidi na muda zaidi. Mwaka wa 1923 kiwanda cha kukaushia kahawa kiliteketea kwa moto. Kukaja ukame, wakaja nzige, bei ikaporomoka. Wanahisa walimshauri zaidi ya mara moja auze shamba, naye akakataa katakata. Kaka yake Thomas, aliyekuja kumsaidia kwa miaka kadhaa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, hakuweza kuligeuza.

Inafaa kukumbukwa kwamba wakati mlowezi huyo akipoteza mali kwa kahawa isiyokubali, Mwafrika alizuiwa kulima zao hilo. Walowezi walishikilia kuwa mashamba madogo ya wenyeji yangeleta magonjwa ya mimea na kuharibu ubora. Walichoogopa pia ni kukosa vibarua, kwa kuwa mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kuchuma ya jirani. Ni katika miaka ya 1930 ndipo serikali ya kikoloni ilipowaruhusu, kwa majaribio na kwa masharti makali, baadhi ya wakulima wa Meru, Embu na Kisii. Kahawa ikastawi mikononi mwao katika miteremko iliyoifaa. Wakati huo Blixen alikuwa amekwisha kufilisika na kurudi kwao.

Ndoa yake nayo haikudumu. Katika mwaka wa kwanza tu aligunduliwa kuwa na kaswende, ugonjwa alioamini kwamba aliambukizwa na mumewe, na ambao ulimrudisha Denmark kutafuta matibabu. Maumivu ya mwili yalimfuata hadi mwisho wa uhai wake. Bror alikuwa mwindaji mashuhuri na mcheshi mwenye marafiki wengi, lakini hakuwa mwaminifu wala mtunza fedha. Wanahisa walimwondoa katika usimamizi mwaka wa 1921 na kumkabidhi Karen shamba. Wawili hao walitengana mwaka huo, na kufikia mwaka wa 1925 talaka ilikuwa imekamilika.

Hapo nyuma, mwaka wa 1918, alikuwa amekutana na Denys Finch Hatton, mtoto wa ukoo wa kilodi wa Uingereza, mwindaji, msomi na baadaye rubani. Denys alifanya Mbogani kuwa makao yake kati ya safari moja na nyingine. Jioni, mbele ya moto, Karen alimtungia hadithi ndefu kama Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, naye Denys alisikiliza hadi usiku wa manane. Baadhi ya hadithi zilizompa umaarufu baadaye zilianza kuandikwa katika nyumba hiyo, wakati kahawa ikikauka nje.

Lakini Denys hakutaka kufungwa. Alikuja alipotaka na kuondoka alipotaka. Karen alimtamani awe wake kabisa, na kadiri alivyozidi kumtamani ndivyo mtu huyo alivyozidi kujitenga. Kufikia mwanzoni mwa mwaka wa 1931 uhusiano wao ulikuwa umelegea. Mei 14 mwaka huo ndege ndogo ya Denys ilianguka Voi muda mfupi baada ya kupaa, akafa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu. Alizikwa katika vilima vya Ngong. Hans, mpenzi wa kwanza wa Karen, naye alikuwa amekufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1917.

Kuna mauaji halisi ambayo Blixen aliyachunguza kwa makini akiwa Kenya. Mwaka wa 1923, katika shamba moja la mlowezi huko Molo, kijana Mwafrika aliyetajwa kwa jina la Kitosch alitumwa na farasi. Aliporejea alikuwa amempanda farasi huyo badala ya kumkokota kwa miguu. Kwa kosa hilo mwajiri wake alimchapa viboko, akafungwa kamba na kuachwa ghalani. Usiku ule alifariki.

Kesi iliyofuata iliaibisha koloni. Mbele ya jopo la Wazungu kulizuka hoja ya ajabu kwamba marehemu alitaka mwenyewe kufa, na kwamba Mwafrika akishaamua kufa hufa. Mlowezi hakupatikana na hatia ya kuua. Alihukumiwa kwa kosa la kumjeruhi vibaya, akapewa kifungo cha miaka miwili. Blixen alisimulia kisa hicho katika kitabu chake Out of Africa, na ingawa alilifasiri kwa namna yake wazo hilo la kutaka kufa, hakuficha unyama uliotendeka wala kejeli ya hukumu.

Kisa cha Kitosch hakina jumba la kale wala mzimu. Hata hivyo, kiini chake ni kile kile cha hadithi za kigothi: mtu anayeamini kuwa mwingine ni mali yake, na ambaye hawezi kuvumilia dalili hata ndogo kwamba mali hiyo ina nia yake. Kupanda farasi badala ya kumkokota ilikuwa dalili tosha. Koloni zima lilijengwa juu ya imani hiyo, na Blixen, mwenye huruma kuliko majirani zake wengi, alikuwa mmoja wa walionufaika nayo.

Huruma hiyo ilikuwepo. Alianzisha shule kwa watoto wa shamba lake na kuwatibu wagonjwa waliofika barazani. Alimuuguza mvulana Kamante, aliyekuwa na vidonda miguuni, na alipompeleka hospitali ya misheni akapona, akamfundisha upishi hadi akawa mpishi stadi. Farah Aden, Msomali aliyemsimamia nyumba kwa miaka yote hiyo, alikuwa msiri wake. Lakini Chifu Kinanjui alipokuwa mahututi na kuomba afie Mbogani badala ya hospitali, Blixen alikataa, kwa kuogopa lawama za Wazungu wenzake. Aliliandika kosa hilo bila kujitetea sana.

Shamba liliuzwa mwaka wa 1931 kwa kampuni iliyokusudia kuligawa kuwa viwanja vya makazi. Ndipo maskwota walipotakiwa kuhama. Katika miezi yake ya mwisho, Blixen alizunguka ofisi za serikali mjini Nairobi akidai watu hao wapewe mahali pamoja badala ya kutawanywa. Hatimaye walikubaliwa kuhamia sehemu ya msitu wa Dagoretti. Yeye akauza samani zake, akaagana na Farah, akapanda meli. Hakurudi Kenya tena.

Akiwa na umri wa miaka 46, bila mume, bila mtoto, bila fedha, alirejea katika nyumba ya mama yake. Pale Rungstedlund aliandika kwa Kiingereza kitabu kilichokataliwa na wachapishaji wa London kabla ya kukubaliwa Marekani mwaka wa 1934. Kiliitwa Seven Gothic Tales, nacho kilibeba jina la mwandishi Isak Dinesen. Isak, yaani Isihaka, ni jina la Kiebrania lenye maana ya kucheka. Klabu kubwa ya vitabu ya Marekani ilikichagua kuwa kitabu cha mwezi, na wasomaji wakaanza kukisia ni mwanamume gani aliyeandika mambo hayo.

Hadithi ya mwisho katika kitabu hicho, The Poet, ndiyo inayoonyesha wazi zaidi jinsi uchu unavyozaa mauaji. Katika mji mdogo wa Denmark anaishi mzee mmoja mwenye cheo, Mathiesen, ambaye katika ujana wake alipata kumkaribia mshairi mkuu wa Wajerumani, Goethe. Yeye mwenyewe hana kipaji. Anachotamani kuliko vyote ni kuwa mlezi wa mshairi mkubwa, na anamwona kijana mmoja karani, Anders, mwenye dalili za kipaji hicho.

Mzee Mathiesen anaamini kwamba ushairi mkubwa hutokana na maumivu makubwa. Anagundua kuwa Anders na mjane kijana, Fransine, wameanza kupendana. Badala ya kuwaacha waoane, anaamua kumposa mjane huyo yeye mwenyewe, ili kijana apate jeraha la moyo litakalomfanya atunge. Usiku wa kuamkia harusi anajificha na kuwachungulia wapenzi hao wakiagana, akifurahia mateso yao kama mtu anayetazama mchezo wa kuigiza alioutunga.

Mwisho wake ni wa kutisha. Anders, akiwa amelewa na kukata tamaa, anakutana na mzee huyo na kumpiga risasi. Mathiesen, akivuja damu, anajikokota hadi kwa Fransine, akiwa bado anaona kila jambo kama sehemu ya utungo mzuri. Mjane anapotambua kuwa mtu huyu ndiye aliyepanga maangamizi yao, anaokota jiwe na kummaliza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, na Mathiesen alikichimba chake kwa kalamu isiyo yake.

Hadithi nyingine katika kitabu hicho, The Dreamers, inaanzia katika bahari inayojulikana sana na Waswahili. Ni usiku wa mbalamwezi mwaka wa 1863, na jahazi lenye shehena ya pembe za ndovu na za vifaru linasafiri kutoka Lamu kwenda Zanzibar. Ndani yake yumo Said, kijana anayetajwa kuwa mpwa wa Tippu Tip, ambaye amenusurika mikononi mwa maadui zake na sasa anarudi kulipiza kisasi. Yumo pia msimulizi mzee aliyekatwa pua na masikio, pamoja na Mwingereza anayepisha usiku kwa hadithi.

Hadithi ya Mwingereza inahusu mwimbaji mashuhuri, Pellegrina, aliyepoteza sauti yake katika ajali ya moto na kuapa kwamba hatakuwa tena mtu mmoja. Kila mahali anajulikana kwa jina jingine na maisha mengine. Wanaume watatu waliompenda kwa nyakati na majina tofauti wanakutana na kumkimbiza mlimani katika theluji, kila mmoja akidai kujua yeye ni nani hasa. Anajitupa gengeni. Hakuna aliyemsukuma, ila wote watatu walimuua kwa kung'ang'ania kummiliki.

Wakati huo wote Said ameketi kimya jahazini, akiwaza kisasi chake, na pwani ya Afrika Mashariki inapita taratibu gizani. Blixen haonyeshi damu itakayomwagika Zanzibar. Anamwachia msomaji alinganishe moyo wa anayekwenda kuua kwa chuki na mioyo ya walioua kwa mapenzi.

Mwaka wa 1937 kilitoka kitabu cha kumbukumbu zake za Kenya, Out of Africa, ambacho kilimpa umaarufu wa kudumu. Denmark ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani ya Hitler, alichapisha mwaka wa 1944, kwa jina la bandia la Pierre Andrézel, riwaya ya kigothi kuhusu wasichana wawili wanaolelewa na kasisi mwenye sura ya wema na matendo ya muuaji. Wasomaji wengi wa Denmark waliona ndani yake picha ya nchi yao iliyotekwa.

Kisha likatokea jambo ambalo ni gumu kuliamini kwa jinsi lilivyofanana na hadithi aliyoiandika miaka 15 awali. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Blixen alifanya urafiki na mshairi kijana wa Denmark, Thorkild Bjørnvig, aliyekuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka 30. Wakafunga kile walichokiita agano. Yeye angemlinda na kumwongoza, na kijana angemwamini bila masharti.

Bjørnvig alihamia Rungstedlund kwa vipindi virefu ili aandike, akiwa mbali na mkewe na mtoto wake mdogo. Blixen aliyaona maisha ya nyumbani ya kijana huyo kuwa finyu mno kwa mshairi, akamsukuma kuelekea dhoruba za moyo ambazo aliamini zingekuza kipaji. Alikuwa amekuwa Mathiesen wa hadithi yake. Ila huyu Anders hakushika bunduki. Mwaka wa 1954 alivunja agano na kuondoka, na miaka 12 baada ya kifo cha bibi huyo akaandika kitabu kizima kuhusu mambo hayo.

Huenda Blixen mwenyewe alikuwa amejifunza kitu. Mwaka wa 1958, katika mkusanyiko wake Anecdotes of Destiny, alichapisha hadithi ya mfanyabiashara tajiri huko China, Mzee Clay, aliyekwisha kumwangamiza mwenzake wa biashara na sasa anataka kutumia fedha kuigeuza hadithi ya mabaharia iwe tukio la kweli. Anawakodi watu waigize. Alfajiri inapofika, tukio limetimia, lakini mzee amekutwa amekufa kitini. Mtu hawezi kuwamiliki wengine kama wahusika wa kitabu na kubaki hai, ndilo funzo linalojitokeza.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya sifa na mateso. Ernest Hemingway, alipopata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1954, alimtaja miongoni mwa waliostahili kupewa kabla yake. Mwaka wa 1955 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, na tangu hapo hakuweza kula vizuri. Alipotembelea Marekani mwaka wa 1959, alishangiliwa na umati, huku akiwa amekonda kama unyoya.

Hukumu ya Waafrika juu yake haikuwa moja. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimshutumu vikali, hasa katika mkusanyiko wake wa makala wa mwaka wa 1993, Moving the Centre, akionyesha jinsi Blixen alivyowalinganisha Waafrika na wanyama hata alipodhani kuwa anawasifu. Shutuma hiyo haiwezi kupuuzwa. Kurasa anazomsifu Kamante na Farah ni za mtu anayewapenda, lakini mara nyingi ni upendo wa mwenye nyumba kwa kilicho chake.

Hapo ndipo hadithi zake za kutisha zinapokuwa na ukweli kuliko kumbukumbu zake za shamba. Katika Out of Africa, kupoteza Ngong ni huzuni ya mtu aliyenyang'anywa alichokipenda. Katika The Poet na The Dreamers, mwandishi yule yule anakiri, kwa midomo ya watu wa kubuni, kwamba anayetaka kumiliki kabisa anachokipenda hukiua. Mtaka yote hukosa yote.

Mwaka wa 1964 serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya huru nyumba ya Mbogani, na mwaka wa 1986 ikafunguliwa kuwa makavazi. Mtaa uliochipuka juu ya shamba lake, ambao wengi wanaamini kuwa unabeba jina lake, ni wa majumba ya kifahari yenye ua mrefu. Wageni hufika kila siku kutazama meza, vitabu na mashine za zamani za kahawa bustanini.

Makaburi ya wazee wa maskwota waliohamishwa mwaka wa 1931 hayaonyeshwi katika ziara hiyo. Kahawa nayo haikuendelea pale. Iliota mizizi kwingineko, kwa mfano Meru na Embu, mikononi mwa watu ambao mwaka Blixen alipofunga virago walikuwa hawajaruhusiwa bado kuipanda.